Bolti Nne za Propela

Shemeji yangu alikuwa na tabia ya kunywa chai yangu kwa mikono yenye grisi. Alikuwa akitoka chini ya gari, anajifuta viganja kwenye mapaja ya ovaroli, anaingia sebuleni kwangu pale Soweto ya Mbeya, anakamata kikombe kwa vidole vyeusi na kunywa kwa sauti. Akishaondoka nilikuwa nakisugua kikombe kile kwa sabuni ya unga na jivu mpaka maua yake yakaanza kufutika. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili. Sikuwahi kumwambia, "Shemeji, maji ya kunawa yale pale." Alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa na gereji Uyole, na ndiye aliyekuwa akinitengenezea gari tangu nibaki peke yangu. Mjane anayetengenezewa gari hachagui mikono. Ndivyo nilivyojiambia, na leo nikikumbuka nilivyokuwa nikijiambia mambo, najionea kinyaa mimi mwenyewe kabla sijamfikia yeye.

Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule. Nina mashine nne kwenye chumba cha nyuma na wanawake watatu wa kunisaidia. Baridi ya huku kwetu ndiyo inayonilisha. Masweta mengi nayapeleka Mafinga na Iringa, ambako ndiko nilikozaliwa, na nayapeleka mwenyewe kwa pikapu aliyoniachia mume wangu. Ni gari la zamani, lina umri mkubwa kuliko binti yetu, na mume wangu alilitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Alipokuwa hai halikuwahi kuniacha njiani hata siku moja. Alipokufa likaanza kukata bolti za propela.

Propela ni ule mhimili mrefu wa chuma unaolala chini ya gari. Unachukua nguvu za injini kutoka kwenye giaboksi huku mbele na kuzipeleka nyuma kwenye difu, ili magurudumu yazunguke. Kwa nyuma umefungwa kwa bolti nne fupi, nene kama kidole cha mwisho cha mwanamume. Zote nne zikikatika, injini inapiga kelele na gari halisogei. Mambo haya sikuyajua wakati ule. Nilijua sukani, klachi, breki, na mahali pa kuweka mafuta.

Mara ya kwanza ilikuwa Chimala. Tangu mteremko wa Inyala nilikuwa nasikia mtetemo chini ya kiti, kama mtu aliye sakafuni anagonga kwa kifundo cha kidole. Nikiongeza mwendo unazidi, nikipunguza unapungua. Nikawasha redio. Kidogo tu kabla ya kuingia Chimala kikapigwa kishindo, chuma kikaanza kuburuzwa kwenye lami, na gari likawa linakwenda kwa kujisukuma lenyewe tu mpaka likaishia pembeni, mbele ya akina mama wanaouza vitunguu.

Nilimpigia shemeji. Alifika kwa basi baada ya saa tatu, pikapu yake mwenyewe ameiacha gereji, na mfuko wa vifaa begani na hindi la kuchemsha mkononi. Alilala chini ya gari, akatoka, akalitazama hindi lake, akaling'ata, akaliweka juu ya bampa.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wauza vitunguu wote, "gari haliendeshwi hivi. Unaachia klachi kwa ghafla. Mguu wako mzito. Bolti zote nne umezikata."

Akina mama wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisionekane mwenye kiburi.

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli akatoa bolti nne zilizochanganyika na makombo ya mkate. Halafu akatafuta kitu cha kujifutia. Kabla sijaelewa anachotafuta, alikuwa ameshapanda nyuma, amefungua furushi langu, amevuta sweta moja, na mikono yake imo ndani yake mpaka kwenye viwiko.

"Hili si lina kasoro?" akaniuliza.

Halikuwa na kasoro. Lilikuwa sweta jeupe la kiranja, na nilikuwa nimelifuma kwa mkono wangu sehemu yote ya kola. Nilisema, "Si kitu, shemeji." Akazipaka grisi zile sahani mbili za chuma zinazokutana pale propela inapofungwa, akasema ni kwa ajili ya kuzuia kutu. Akaingiza bolti, akakaza, na bolti ya mwisho akaikaza kwa kuikanyaga spana kwa kisigino. "Hapa haitoki mpaka Yesu arudi," akasema. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya besi, na watu walimpenda kwa maneno kama hayo. Akachukua hindi lake kutoka kwenye bampa akamaliza.

Nilipofika Iringa nililitupa sweta lile kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba ya dada yangu. Harufu yake nilikuwa nayo puani mpaka nyumbani. Lakini vipande vya bolti zilizokatika nilivibeba, bila sababu yoyote. Mtu wa sindano huokota kila kichuma kinachoanguka. Nikavitia kwenye kopo la vifungo.

Mara ya pili ilikuwa Ubaruku, miezi mitatu baadaye. Nilikwenda kuchukua mchele wa chakula cha nyumbani na cha wale wanawake wangu. Gari likakatikia katikati ya barabara ya udongo, mashamba ya mpunga huku na huku, tope limenifika kwenye vifundo vya miguu. Vijana wa mashine ya kukoboa mpunga walilisukuma mpaka penye ukavu. Nilipompigia shemeji aliguna kwanza, kisha akacheka.

"Umelikata tena? Shemeji, wewe ungefaa kuendesha matrekta."

Alikuja kesho yake. Nililala kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, nikajikuna mpaka asubuhi. Alileta bolti nyingine, nyeusi, zinang'aa, akazionyesha mbele ya wale vijana. "Hizi sasa ni haswa," akasema. Akatema mate kwenye viganja, akaingia chini. Nilisimama kando nikiitazama miguu yake ikichungulia chini ya gari, soksi moja ya kijani na nyingine ya kijivu, na nikasikia kichefuchefu ambacho sikukielewa. Nikakihesabu kuwa ni dhambi. Mtu ameacha kazi zake amekuja kunisaidia, mimi natazama soksi zake. Jumapili iliyofuata nilimpelekea mkewe kilo kumi za ule mchele.

Kuanzia hapo nikawa dereva wa woga. Klachi nilikuwa naiachia polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Niliwaza ni kweli, mguu wangu mzito, mume wangu alikuwa ananificha tu. Na ule mtetemo haukuisha. Nilipomwambia shemeji akasema magari ya zamani yote hutetemeka, hata sisi wenyewe tukizeeka tutatetemeka, na akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

Mara ya tatu nilikuwa na binti yangu. Ni mwalimu wa chekechea, alikuwa na likizo, akasema atanisindikiza Iringa. Tulikuwa tumebeba masweta ya shule mbili, yamejaa nyuma na kufungwa turubai. Tulikwenda salama, tukapita Mafinga, tukapita Ifunda. Tukaanza kuushuka mteremko wa kuelekea Ipogolo, pale unapoanza kuuona mji wa Iringa juu ya kilima ng'ambo ya mto. Binti yangu alikuwa ananimenyea chungwa.

Kikapigwa kishindo. Safari hii propela haikuanguka na kuburuzwa tu. Ilizunguka ovyo ikiwa imeachia upande mmoja, ikapiga sakafu chini ya miguu yetu kama nyundo, na katika kupiga huko ikakata bomba la breki. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini bila kukutana na kitu. Nikarudisha gia ndogo ili injini ilizuie gari, injini ikalia tu, kwa sababu hakukuwa tena na kitu kinachoiunganisha na magurudumu. Tuliteremka na mizigo yetu, mbele yetu lori la saruji linakwenda mwendo wa kinyonga.

"Mama, hendibreki!" binti yangu akapiga kelele.

Nilikuwa nimeisahau. Tuliivuta wawili, mkono wangu chini na wake juu, machungwa yanabingirika miguuni, na nikaligeuzia gari kwenye rundo la kifusi lililomwagwa kando ya barabara. Pua ya gari ikaingia kwenye kifusi, tukasimama. Vumbi liliposhuka niliona binti yangu bado ameshika kisu kidogo cha kumenyea, kwa bahati njema hakikumjeruhi yeye wala mimi. Akafungua mlango, akashuka, akatapika kwenye nyasi. Nilimshika mgongo. Kisha nikatapika na mimi.

Sikumpigia shemeji. Sijui ni kwa nini, sikuwa bado na sababu. Nilimpigia shemeji yangu mwingine, mume wa dada yangu, akatafuta gari la kutuvuta mpaka uani kwake, na aliyetuvuta akaifungua propela kwanza, akaiweka nyuma pamoja na vipande vya bolti. Asubuhi nikafungua turubai, nikaipakia ile propela kwenye bajaji na vipande vya bolti nikavitia kwenye mkoba, nikaenda na binti yangu mjini kwenye duka la bolti.

Duka lile lina kuta za droo za mbao kutoka chini hadi juu, na kila droo imebandikwa bolti moja kwa nje ili ujue kilichomo ndani. Mwenyewe ni mama wa Kihindi wa rika langu. Babu yake ndiye aliyelifungua, na yeye hajawahi kuishi pengine zaidi ya Iringa. Aliniamkia, "Kamwene," kwa Kihehe kizuri kuliko cha binti yangu. Nikamweleza nataka bolti nne za propela, zilizo ngumu kuliko zote, kwa sababu mimi ni dereva mbaya na nimeshakata kumi na mbili.

"Nani kakwambia wewe dereva mbaya?"

"Fundi wangu."

"Lete hizo zilizokatika."

Nilizimimina juu ya gazeti. Akavaa miwani, akachukua kipande kimoja, akakigeuza kichwa chake kwenye mwanga wa mlango. Akachukua kisu akakwangua. Rangi nyeusi ikatoka kama ganda la yai, na chini yake kulikuwa na chuma chenye rangi ya bati.

"Dada, hizi za kufungia vitanda. Zimepigwa rangi ya kopo. Bolti ya propela ina namba kichwani, inayoonyesha ugumu wake. Hii iko wapi namba? Haina."

Nikatazama. Kichwa kilikuwa laini kama kifungo cha shati.

"Lakini si hilo tu," akasema. "Njoo hapa mwangani. Na wewe mwanangu, njoo." Akatuonyesha mahali bolti ilipokatika. Nusu ya uso ule ilikuwa imeng'aa, nyororo, na mistari myembamba iliyopindana. Nusu ya pili ilikuwa na chembechembe kama sukari guru. "Unaona hapa palipong'aa? Hapa palianza kupasuka zamani. Wiki kadhaa, labda miezi. Ufa unaingia kidogo kidogo, na vipande viwili vinasuguana kila gari likienda, ndiyo maana pameng'aa. Hii ya chembechembe tu ndiyo iliyokatika jana. Klachi yako haina habari na hii. Hata ungeendesha kama unabeba mayai ingekatika."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Binti yangu akaniwekea mkono begani.

"Sasa kwa nini ipasuke?" binti yangu akauliza.

Yule mama akachukua sahani mbili za chuma kutoka kwenye droo, akazibana pamoja kwa bolti na nati, akanipa nizisokote. Hazikusogea. "Bolti kazi yake ni kubana," akasema. "Ikibana vizuri, hizi sahani mbili zinashikana zenyewe, zinakwenda kama kitu kimoja, na bolti imetulia katikati. Sasa angalia." Akalegeza nati nusu mzunguko. Nikazisokota, zikacheza huku na huku. "Sasa kila gari likivuta, na kila ukiachia mafuta, sahani zinasogea na bolti inapindwa. Huku, huku. Huku, huku. Ni kama unavyokata waya kwa mikono. Huukati kwa nguvu, unaukata kwa kuukunja."

Hilo nililielewa mara moja. Nimekata waya hivyo maisha yangu yote.

Akaniuliza sahani zangu zilikuwaje wakati wa kufunga. Nikamwambia zilipakwa grisi. Akafumba macho kama mtu aliyeuma ndimu. Akaniuliza bolti zilikazwa kwa kitu gani. Nikamwambia kwa kisigino. Akauliza kama nati zilikuwa na washa, vile vibati vya duara vinavyokaa chini yake, au zile nati za kujifunga zenye pete ya plastiki ndani. Nilikuwa sijui, binti yangu akapekua vipande, hapakuwa na hata moja. Halafu akaja kuitazama propela yenyewe iliyokuwa sakafuni. Akaonyesha kovu la kuchomelea katikati yake. Akaivingirisha kwa mguu kwenye sakafu ya saruji, nayo ikaenda ikichechemea, upande mmoja unainuka na kushuka, mpaka ikagonga kaunta.

"Imepinda, ikachomelewa, na krosi yake imekwisha," akasema. Krosi ni lile fundo lenye mikono minne linaloiruhusu propela kujikunja. "Hii hata ungeifunga kwa bolti za treni ingezilegeza, kwa sababu inatetemeka yenyewe. Gari lako liligongwa?"

"Halijawahi."

"Basi nani aliichomelea?"

Akaniuliza kwa taratibu, kama daktari, bolti za mwanzo zilizokuja na gari ziko wapi. Na hapo ndipo nilipomkumbuka mume wangu akiwa ameinama mlangoni pa chumba chetu, ananiomba rangi ya kucha. Nilikuwa na kichupa kimoja, rangi ya damu ya mzee, na kila alipokaza bolti za propela alichora mstari mwembamba kutoka kichwani mwa bolti mpaka kwenye sahani, akisema mstari ukivunjika atajua bolti imejizungusha, hata bila kushika spana. Nilikuwa namgombeza kwa kunimalizia rangi. Juu ya ile propela ya sakafuni hapakuwa na alama yoyote ya rangi yangu.

Tuliliacha gari kwa dada yangu tukarudi Mbeya kwa basi. Tulishukia Uyole. Binti yangu akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia sina hakika ya kitu, nataka kuangalia tu.

Gereji ya shemeji ilikuwa wazi na mwenyewe alikuwa amevuka barabara kwenda kunywa supu. Pikapu yake, ndugu wa pikapu yangu kwa umbo na rangi, ilikuwa imesimama juu ya shimo la kufanyia kazi. Nilikunja sketi, nikashuka shimoni. Chini kulikuwa na maji meusi yenye mafuta, vichungi vya sigara, na chupa za plastiki zenye mkojo. Nasema mkojo kwa sababu ulikuwa mkojo. Nikaziba pua kwa kitenge, nikawasha taa ya simu, nikaielekeza juu.

Rangi ya damu ya mzee. Vistari vinne kwenye ukingo wa sahani ya propela, safi kabisa, na vipande vya mistari hiyo hiyo kwenye vichwa vya bolti nne, ila sasa vimepishana, kwa sababu aliyezifunga upya hakuhangaika kuvilinganisha. Ilikuwa propela ya mume wangu. Bolti za mume wangu. Nikasimama kwenye mkojo wa watu, naitazama rangi ya kucha zangu chini ya gari la mwanamume mwingine, na nikakumbuka siku yenyewe. Ilikuwa wiki ya msiba. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa, akaja akapiga magoti mbele yangu, macho mekundu, akaniomba ufunguo. Alisema gari litasaidia kubeba waombolezaji. Lilikaa kwake siku tano.

Aliponikuta natoka shimoni alikuwa bado ana mchuzi kwenye ndevu.

"Shemeji! Karibu! Mbona huko chini?"

"Naitazama propela yangu."

Niliona akili yake ikitafuta mlango. Halafu akatabasamu, na lile tabasamu ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho.

"Tulibadilishana tu, shemeji."

"Tulibadilishana mimi na nani?"

"Aah, sasa... Marehemu asingekataa. Ile yangu ilikuwa imepata ajali kidogo, na mimi nafanya safari za mbali, nafika mpaka Tunduma, Sumbawanga. Wewe unakwenda Iringa tu na masweta."

Binti yangu akasogea mbele. Akasema, "Bamdogo, tumetoka kukosa breki Ipogolo. Mimi na mama."

Akamtazama. Nilidhani sasa ataona haya. Akapangusa ndevu kwa kiganja, akasema, "Poleni sana, mwanangu. Mungu ni mwema," akanyoosha mkono ule ule, wenye mchuzi, ili amshike bega. Binti yangu akarudi nyuma hatua mbili.

Nikamwambia aifungue propela sasa hivi. Akaanza habari ya kesho, ya mteja anayekuja, ya vifaa. Nikakaa kwenye tairi kuukuu pale mlangoni, nikamwambia sitaondoka. Majirani wa gereji wakaanza kusogea. Akashuka shimoni. Alipoitoa akaiegemeza ukutani akaniambia nichukue. Niliishika kwa kitenge changu ili nisiguse alipogusa, na kitenge nacho nikakiacha baadaye kwenye bajaji.

Ukoo wa mume wangu ulituita Tukuyu. Tulikaa sebuleni kwa kaka yao mkubwa, ndizi na nyama vimeandaliwa. Wakanisikiliza vizuri. Kisha kaka mkubwa akasema kosa limefanyika, lakini ni chuma tu, na chuma kisivunje udugu. Shemeji akasimama, akaomba radhi kwa sauti yake ya besi, akatoa mfukoni kifurushi cha gazeti. Ndani yake kulikuwa na zile bolti nne, amezisafisha kwa petroli mpaka rangi ya kucha imetoka yote.

"Nakurudishia, shemeji, mbele ya wazee."

Niliwaambia yule mama wa duka ameniambia bolti ya propela iliyokwisha kufunguliwa hairudishwi, kwa sababu inakuwa imeshavutika, na mtu mwenye akili hutia mpya. Nikasema sizitaki. Wakadhani nakataa radhi. Labda nilikuwa nakataa radhi. Dada wa mume wangu akaninong'oneza nipokee tu kwa heshima, nikazitupe njiani. Nilizitazama mkononi mwa shemeji, zimelala kwenye kiganja chenye weusi usiotoka, na mwili wangu ukakataa. Sikupokea, na ndizi zao sikuzila. Walisema nimekuwa na kiburi tangu nifiwe.

Niliipeleka propela ya mume wangu Iringa na gari likatengenezwa huko, nikiwa nimesimama hapo hapo. Nilimwambia fundi wa kule nataka kuona kila kitu. Zile sahani zilisuguliwa kwa brashi ya waya na kufutwa mpaka zikawa kavu, bila grisi wala rangi. Krosi ikatiwa mpya, bomba la breki jipya. Tundu moja kwenye sahani ya difu lilikuwa limeliwa mpaka limekuwa kama yai, kwa hiyo sahani nayo ikabadilishwa. Bolti zenye namba kichwani, nati za kujifunga, na spana ndefu inayolia "ka!" ikifika kipimo chake. Bolti ya mwisho niliomba niikaze mimi. Nikachora mistari kwa rangi ya kucha, nikaenda mpaka Mafinga na kurudi, tukaikagua. Mistari ilikuwa imenyooka. Mpaka leo sijakata bolti nyingine, na klachi naiachia ninavyotaka.

Binti yangu amechumbiwa mwaka huu. Siku ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ukumbini hapa Mbeya, ilibidi awepo wa kusimama mahali pa baba. Kaka mkubwa alikuwa mgonjwa Tukuyu. Ukoo ukamteua shemeji. Nilimwambia binti yangu kwamba akisema hataki, nitasimama naye mpaka mwisho. Alifikiri siku mbili akasema, "Mama, nataka siku yangu ipite bila kikao. Aje asimame, avae suti, aondoke."

Akaja amevaa suti. Alikuwa amejipulizia manukato mengi, na chini yake bado nilisikia dizeli. Mshereheshaji akaita wazazi mbele ya keki. Binti akamlisha bamdogo wake kwa uma, akanilisha na mimi, watu wakapiga vigelegele. Kisha mshereheshaji akasema kwa kipaza sauti, "Na sasa baba amlishe mama!"

Shemeji hakuchukua uma. Alikata kipande cha keki kwa vidole, akakishika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na niliziona kucha zake, ule mstari mweusi chini ya kila kucha. Akaniletea mdomoni huku akitabasamu kwa ajili ya kamera. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Binti yangu alikuwa ananitazama pia, na macho yake yaliniambia niamue ninavyotaka.

Nikafungua mdomo. Kidole chake kikagusa mdomo wangu. Nilifumba midomo juu ya keki bila kutafuna, nikaisukuma kwa ulimi mpaka shavuni, nikapiga makofi pamoja na wengine, nikatabasamu na shavu limevimba. Mshereheshaji alipowaita wakwe, nilipita nyuma ya mapambo, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikainama kando ya masufuria ya pilau na kuitema yote. Mama mmoja wa mapishi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, naomba maji. Akaniletea jagi, nikasukutua mara tatu, nikajifuta mdomo kwa upande wa ndani wa kitenge, nikarudi ukumbini kukaa karibu na mwanangu.